Nilimkata kwenye picha

*Mhariri wetu alidhani anajua kusimulia. Mtoto wa kaka yake, mkeka wa bibi na darasa moja la Singida Mjini vilimfundisha upya.*

Kazi yangu ni kukata. Nakata sentensi zinazozunguka, nakata aya zilizochoka, nakata picha zisizokaa vizuri kwenye ukurasa. Nimeifanya kazi hii kwa miaka zaidi ya kumi, na ofisini wananisifia kwa mkono mwepesi.

Desemba 2020 tulikuwa tunaandaa kurasa za sikukuu, na kila mmoja wetu akaambiwa alete picha ya familia yake. Yangu ilipigwa nyumbani kwetu, Misuna, Singida Mjini. Nyuma yetu yanaonekana majabali ambayo kila aliyefika Singida anayajua. Mama yangu amekaa katikati na khanga yake mpya. Kaka na wifi wamesimama upande wa kulia. Mimi niko kushoto na miwani ya jua, utadhani staa wa filamu. Na chini, kwenye mkeka, miguuni pa mama, amelala ubavu mtoto wa kaka yangu, miaka 5. Shingo imegeuka upande, mkono mmoja umekunjika kifuani, mate yanamtoka kidogo. Anacheka kuliko sisi wote.

Nikaifungua kwenye kompyuta, nikaanza kukata kutoka chini. Nilijiambia kwamba ukurasa utapendeza zaidi. Tukabaki wanne, kuanzia magotini kwenda juu. Safi kabisa. Pale ofisini hakuna aliyeuliza kitu.

Jarida lilipofika Singida, wifi yangu alinipigia simu. Hakugomba, na afadhali angegomba.

"Wifi, picha nimeiona. Mmependeza."

Nikasema asante. Kimya kikapita.

"Mwanangu mmemweka wapi?"

Msomaji wangu, nina digrii ya mawasiliano. Siku ile sikuwa na neno hata moja.

Mume wa bibi

Nyumbani tunamwita Babu, kwa sababu amerithi jina la marehemu baba yetu. Mama yangu, kama mabibi wote wa kwetu wanavyotaniana na wajukuu, humwita "mume wangu". Akichelewa kuletewa chai, mama hulalamika kwa sauti: "Mwone mume wangu, hata kunitetea hanitetei!" Babu hucheka mpaka anakohoa.

Alizaliwa mwaka 2015. Uchungu wa wifi ulichukua muda mrefu na mtoto hakulia upesi. Miezi ikapita, shingo haikukaza, kukaa hakukai. Daktari alitupa jina: mtindio wa ubongo. Ni hali inayotokea ubongo unapodhurika wakati bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Sababu ni nyingi: mtoto kukosa hewa ya kutosha, kuzaliwa kabla ya siku zake, manjano makali, homa ya uti wa mgongo. Hauambukizi. Unagusa misuli, mwendo na mara nyingi usemi. Wapo watoto ambao kuelewa nako huwa kugumu, na wapo ambao akili zao ni timamu kabisa, ila mdomo hauzifuati.

Babu ni wa kundi hilo la pili. Anaelewa Kiswahili, anaelewa na Kinyaturu cha bibi yake. Tatizo ni kwamba jibu lake huchukua muda kutoka, na sisi wengine hatuna subira.

Hadithi tatu, mtoto mmoja

Kabla ya mimi kumkata, wengine walikuwa wameshamkata kwa namna zao.

Hadithi ya kwanza ilitoka kwenye ukoo wetu wenyewe. Ilianza kwa minong'ono kwenye msiba, eti upande wa mke kuna mkosi. Mara wametupiwa. Mara kuna deni la mahari halijaisha. Hakuna aliyesema hadharani, lakini kila mtu alikuwa anajua. Kaka yangu akaanza kuchelewa kurudi nyumbani, kisha akahamia kulala sebuleni. Wanandoa waliokuwa wakila sahani moja wakawa wanapeana habari kupitia kwa mama.

Wewe uliyeoa au kuolewa utanielewa. Ulemavu wa Babu ulikuwapo tangu siku ya kwanza na walikuwa wakiubeba pamoja. Kilichowatenganisha ni hadithi ya nani amesababisha. Na mimi, wifi mtu, niliisikia hadithi hiyo nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa haigusi upande wangu.

Hadithi ya pili tuliipata shuleni, shule ambayo sitaitaja. Wifi alienda kumwandikisha mtoto. Aliyempokea alimtazama Babu mgongoni mwa mama yake, akasema kwa upole kabisa, "Mama, watoto wa aina hii wana shule zao." Hakuuliza jina lake wala anaweza nini. Nje ya ofisi, mtoto mmoja akaita "zezeta", wenzake wakacheka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009. Na kabla ya hapo, mwaka 1994, nchi nyingi zilikutana Salamanca, Hispania, zikakubaliana kwamba shule ya kawaida ndiyo inayotakiwa kujipanga impokee mtoto. Yote hayo yameandikwa. Lakini mlangoni pa shule, sheria ilishindwa na sentensi moja ya upole.

Hadithi ya tatu ilikuwa yangu. Watu wa Dar wakiniuliza kaka ana watoto wangapi, nilikuwa nasema, "Bado wanahangaika." Si laana, si tusi. Ni ufutio tu.

Singida na simulizi zake

Kama unadhani nayakuza mambo, njoo Singida uulize wazee habari za mbojo, watu-simba. Katika miaka ya 1940, enzi za Mwingereza, watu wengi waliuawa huku, ikasemekana wauaji ni watu waliogeuzwa simba. Kesi zilifika mahakamani na watu wakanyongwa. Mojawapo ya masimulizi ya wakati ule ilidai kwamba hao watu-simba ni watu waliofichwa na kufugwa, wengine mabubu au wenye upungufu wa akili, wakafundishwa kutembea kama wanyama. Hebu fikiria mama wa zama zile mwenye mtoto wa miaka 7 asiyesema na anayetambaa. Jirani akisikia mguno usiku, anaamini nini?

Usiseme hayo ni ya kale. Zipo hadithi zilizosema mtu mwenye ualbino hafi, anatoweka, na kwamba viungo vyake vinaleta utajiri. Tunajua zilivyoua. Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema aliingia kwa waganga kwa siri akaianika biashara hiyo. Mwaka huo huo Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa mbunge, na mwaka 2010 Salum Barwany akachaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Watu wakawaona watu wenye ualbino wakisimama bungeni na kusema wenyewe. Hadithi ya kutoweka ikaanza kukosa pa kukaa, ingawa haijafa.

Ukitoka Manyoni kuja Singida Mjini unapita Ikungi. Pale ipo Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ualbino wanasoma pamoja na wenzao. Nimepita Ikungi maisha yangu yote, dirishani, nikitafuna mahindi ya kuchoma. Sikuwahi kujiuliza lile neno "mchanganyiko" lina maana gani mpaka siku nilipokuwa narudi nyumbani kuomba radhi.

Hadithi haianzi mpaka ajibu

Ilikuwa Januari 2021. Niliomba radhi, wifi akasema "yameisha" kwa sauti ya mtu ambaye hayajaisha. Jioni umeme ukakatika. Mama akatandika mkeka uani, watoto wa majirani wakaja mmoja mmoja kama kawaida yao. Babu akalazwa katikati, akaegemezwa kwenye paja la bibi.

"Paukwa!"

"Pakawa!" wakajibu kwa pamoja.

Mama hakuendelea. Nikadhani amesahau. Watoto nao wametulia, wanamwangalia Babu. Ikapita kama nusu dakika. Midomo yake ikahangaika, mkono ukakakamaa, kisha: "Pa... ka!"

"Haya," mama akasema. "Mume wangu amejibu. Hapo zamani za kale..."

Nilikaa pale kwenye giza nikiwa na aibu yangu. Yule mwanamke hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya elimu jumuishi, lakini kila kitu kilikuwa pale. Kwenye mkeka wote wako chini, hakuna aliye juu ya kiti na mwingine sakafuni. Kiitikio kinajirudia, kwa hiyo mtoto mwenye usemi mgumu anajua zamu yake inakuja lini na anajiandaa. Kulikuwa na vitu vya kushika: mbegu za alizeti, kijiwe, kata ya maji, kwa hiyo asiyesikia vizuri au asiyeweza kusema ana cha kuonyesha. Na kubwa kuliko yote, hadithi ilingoja.

Ilikuwa ile ya wanyama kuchimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba halafu akawa anaiba maji usiku, mpaka Kobe alipojificha majini akamkamata mguu. Watoto waligawana wanyama. Mimi, mtaalamu, nikaingilia: "Babu awe Kobe! Kobe ni mpole, halafu ndiye mshindi." Nilikuwa nimeshaona funzo lake zuri kabisa.

Babu akafumba macho, akayabana.

"Hataki," akasema mtoto wa jirani, wa miaka 6 hivi. "Akifumba ni hapana. Anataka kuwa Fisi."

Macho yakafunguka, yakaangalia juu. Ndiyo. Fisi ndiye mwenye kelele. Fisi ndiye anayechekesha. Kumbe miaka yote ile mtoto alikuwa na "ndiyo" na "hapana" yake, watoto wa mtaa mzima wanaijua, ila shangazi yake msomi ndiye hajui.

Kitabu cha Fisi

Hapo ndipo tulipoanza kutengeneza kitabu chake. Karatasi kumi na mbili, picha za simu, gundi na uzi. Niliandika mistari, namsomea, yeye anakubali au anakataa kwa macho. Ukurasa wa kwanza niliandika "Mimi ni shujaa." Akafumba. Nikajaribu "Mimi ni malaika wa nyumba." Akafumba tena, safari hii na kicheko. Mwisho ukabaki hivi:

Nyumbani naitwa Babu. Nasikia kila kitu. Nikiangalia juu ni ndiyo. Nikifumba macho ni hapana. Ukiniuliza, ningoje. Nikicheka sana mate yanatoka, nifute na kitambaa cha bluu. Napenda kuku, sipendi mlenda. Sipendi kuitwa zezeta. Kwenye hadithi mimi ni Fisi.

Kaka alikuwa akipita pale sebuleni kama hayupo. Siku ya tatu akauliza, "Mbona hamkuandika kwamba anapenda pikipiki?" Nikamwambia kaa uandike. Akakaa. Wifi akaleta chai, vikombe vitatu. Sitakudanganya kwamba ndoa ilipona siku ile. Ilichukua muda, na maneno magumu. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka walikuwa wanabishana kuhusu mtoto wao anapenda nini, wala si kuhusu nani alimleta hivyo.

Nilimkumbuka Christy Brown, mwandishi wa Dublin aliyezaliwa 1932 na mtindio wa ubongo. Mama yake alikataa kuamini kwamba mtoto wake hana akili, akawa anazungumza naye kila siku, mpaka siku mtoto aliposhika chaki kwa vidole vya mguu wa kushoto. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe. Kabla ya kitabu, kulikuwa na mtu mmoja aliyemngoja.

"Mwalimu, subiri"

Ilitubidi kuzunguka. Januari 2023 ndipo shule nyingine ya hapa hapa mjini ilipompokea Babu darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima mwenye watoto zaidi ya 80 mbele yake. Alimwambia wifi ukweli: "Mama, nitamweka wapi? Na nitamwelewaje?"

Wifi hakumhubiria sheria. Alimpa kitabu. Mwalimu akakisoma amesimama, kisha akainama mpaka usawa wa uso wa Babu.

"Kumbe wewe ndiye Fisi?"

Akangoja. Macho yakaenda juu.

Mwalimu yule alichofanya ni kitu kidogo. Alitandika mkeka mbele ya darasa, na kila asubuhi akatoa dakika kumi za hadithi kabla ya hesabu. Makundi yanapokezana kukaa kwenye mkeka, Babu yupo kila siku. Kitabu chake kikasomwa kwa darasa zima, na wengine wakataka kutengeneza vyao. Mtoto mmoja akaandika kwamba haoni ubaoni na huwa anaona aibu kusema, akahamishiwa mbele. Mwingine akaandika kwamba huja bila kula. Kumbe darasa zima lilikuwa na mambo yaliyofichwa.

Wiki ya tano au ya sita, mwalimu alikuwa na haraka. Akapaza "Paukwa", wakajibu, akaanza hadithi. Binti mmoja wa benchi la tatu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, subiri. Fisi bado hajajibu."

Wifi alinisimulia hilo kwa simu huku analia. Na mimi huku Dar nikafunga mlango wa ofisi.

Hadithi haina magurudumu

Sasa tusidanganyane. Hadithi haijengi choo. Choo cha shule kina ngazi, kwa hiyo mwaka wa kwanza wifi alikuwa anaenda shule saa nne kila siku kumsaidia mtoto. Kiti cha magurudumu kinazama kwenye mchanga. Ada ilifutwa, ndiyo, lakini bodaboda ya kwenda na kurudi haijafutwa. Walimu wenye mafunzo maalumu, kama wanaotoka chuo cha Patandi kule Arusha, hawatoshi. Na mwalimu wetu alipohamishwa, aliyekuja aliukunja mkeka akauweka stoo, si kwa roho mbaya, ni kwa sababu silabasi ilikuwa inamkimbiza. Wifi akaanza upya na kile kitabu, safari hii kurasa zimechakaa.

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Yaani katika kila watu tisa, mmoja. Hesabu watu wa kwenye picha zako za harusi, kisha jiulize wako wapi.

Ninachojua ni hiki. Njia ya kiti cha magurudumu inajengwa na mtu ambaye ameshaamini kwamba kuna mtoto anakuja. Hadithi za laana, za zezeta, hata za malaika, zote zinasema hakuna anayekuja. Inayofungua mlango ni ile ambayo mtoto mwenyewe ana zamu ndani yake, na wengine wamejifunza kumngoja.

Nilipokwenda Singida mara ya mwisho, nilipanda treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi. Safari hii Ikungi niliitazama vizuri. Nilimsomea Babu makala hii yote kwenye mkeka. Aya moja aliikataa, akabana macho kabisa. Picha yake nayo akakataa isitoke. Ndiyo maana huioni hapa.

Safari hii aliyekata ni yeye.

Kabla hujamsimulia mtoto wenu

*Mngoje ajibu.* Ukiuliza, hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kumjibia.

*Kaeni chini.* Mkeka mmoja, usawa mmoja. Anayesikia kwa shida akae anapoona mdomo na mikono yako. Anayeona kwa shida apewe cha kushika.

*Achague mwenyewe.* Usimgawie kila siku mnyama mpole. Labda anataka kuwa Fisi.

*Tengenezeni kitabu chake kabla ya shule kufunguliwa.* Anasemaje ndiyo, anasemaje hapana, anapenda nini, anahitaji nini. Kurasa kumi zinatosha. Mwalimu akihama, kitabu kinabaki.

*Na ninyi wawili,* mkijikuta mnabishana nani alimleta hivyo, simameni. Muulizaneni anapenda nini.